Doto aliacha dawa, wiki tatu hakuanguka. Tumwamini nani?

Shikamoo nesi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ilemela, nauza dagaa. Wa kwanza ni mapacha wa kiume, Kulwa na Doto, wana miaka 16, wako Kidato cha Tatu. Kulwa ni mzima. Doto anaanguka kifafa tangu ana miaka saba.

Kwanza huwa ananyamaza. Mnaweza kuwa mnaongea, mara macho yanakodoka, mdomo unatafunatafuna kama ana kitu kinywani, na mkono wa kulia unachezea kifungo cha shati. Ukimwita haitiki. Siku nyingine inaishia hapo, baada ya dakika moja hivi anauliza, "Mlikuwa mnasema nini?" Siku nyingine ndiyo anapiga ukelele, anaanguka, anakakamaa, mwili wote unatetemeka, povu linamtoka na anajikojolea. Akizinduka analala mpaka jioni.

Zahanati walimwanzishia fenobabitali. Zamani alikuwa anaanguka karibu kila wiki, ikawa mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Shida ni kwamba anasinzia darasani na amekuwa mtu wa hasira. Nilipowaeleza pale tunapochukua dawa niliambiwa "mwendelezee hivyo hivyo," nikapewa karatasi yangu, akaitwa mwingine.

Shemeji akatupeleka mjini kwa mtaalamu wa homiopathi. Yule baba alitusikiliza saa nzima na zaidi. Alimuuliza Doto anaota nini, anapenda chumvi au sukari, anaogopa giza au haogopi. Akatupa vichupa viwili vya vidonge vidogo vyeupe, vitamu. Kimoja kimeandikwa Cuprum metallicum 30C, kingine Belladonna 30C. Tulilipa elfu themanini. Alisema dawa za hospitali zinaufungia ugonjwa ndani, tuziache ili za kwake zifanye kazi. Tuliacha siku hiyohiyo.

Wiki tatu mtoto hakuanguka hata mara moja. Alichangamka, hesabu akapata alama ambazo hajawahi kupata. Baba yake alimwambia kila mtu mtaani. Wiki ya tano, Jumamosi asubuhi, tuko kwenye vichanja tunaanika dagaa, akaanguka mara mbili kabla ya saa nne. Ya pili ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuona. Watu wakarudi nyuma, wakasema tusimguse kwa sababu ya povu, na kwamba akijamba wakati ule aliye karibu anaambukizwa. Mwingine akamsukumia kijiko mdomoni, jino la mbele likavunjika kipande.

Tulimpigia yule mtaalamu, akasema ni ishara nzuri, ugonjwa unatoka, tuongeze vidonge. Baba yake anamwamini. Mama mkwe anasema mapacha hawakumaliziwa mila zao, ndiyo maana mmoja mzima, mwingine mgonjwa. Ni kweli Doto alikawia kutoka, nusu saa nzima baada ya mwenzake, na hakulia mpaka wakunga walipomhangaikia na mpira wa hewa.

Kifafa hasa ni nini, kimetoka wapi, na homiopathi inatibu au haitibu? Halafu likizo hii Kulwa anakwenda na baba yao mdogo kuvua dagaa usiku. Doto analia anataka kwenda naye. Tena amenituma nikuulize: ataweza kuoa?

Mama Kulwa, Ilemela

Marahaba mwanangu.

Kabla sijaeleza lolote, kesho asubuhi mpeleke Doto hospitali. Usingoje tarehe ya kliniki. Beba kadi yake, beba pakiti ya fenobabitali iliyobaki, beba na vile vichupa viwili, usivifiche. Mtu aliyeacha fenobabitali kwa mkupuo anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hali hiyo inaua. Usimrudishie dozi kwa kukisia. Aanze na kiasi gani wataamua wenye kumpima. Usiku wa leo asilale chumba cha peke yake.

Sasa tuzungumze kuhusu zile wiki tatu, maana naona ndizo zilizomteka baba yake, na ingekuwa mimi zingeniteka.

Fenobabitali haitoki mwilini siku unapoiacha. Kiasi kilichomo kwenye damu hupungua nusu kwa siku kama tatu hadi tano, halafu nusu ya ile nusu kwa muda kama huohuo, na kuendelea. Mtoto aliyeimeza kwa miaka bado ana akiba ya kumlinda wiki ya kwanza, akiba kidogo wiki ya pili, na ikifika mwisho wa wiki ya tatu amebaki na makombo. Hebu hesabu tena na hilo kichwani. Wiki tatu bila kuanguka, halafu wiki ya tano mara mbili asubuhi moja. Aliyekuwa anamlinda Doto wiki zile ni dawa ya zahanati iliyokuwa inaaga taratibu, sifa zikaenda kwa kichupa. Na usisahau kwamba alikwisha kuwa mtu wa kuanguka mara moja kwa miezi miwili mitatu. Wiki tatu za kimya alikuwa nazo nyingi tu hata kabla ya kwenda mjini.

Kuchangamka kwake ni kweli, nakuamini. Fenobabitali inaleta usingizi, na kwa watoto wengine inaleta ukorofi na kusahausahau. Ilipopungua, Doto akaamka. Zile alama za hesabu zimekuonyesha jambo la maana: dawa ile, au dozi ile, ilikuwa inamlemea. Hilo ndilo la kumwambia daktari kesho, kwa sauti, na karatasi ya matokeo mkononi. Ukijibiwa tena "mwendelezee hivyo hivyo," omba rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Zipo dawa nyingine, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine hufanywa kwa hatua, ya zamani ikipunguzwa kidogokidogo huku mpya ikipandishwa.

Umeuliza kuhusu homiopathi, nitakujibu bila kumtukana mtu. Ilianzishwa na daktari wa Ujerumani, Samuel Hahnemann, mwishoni mwa karne ya 18. Alimeza magome ya mkwinini akiwa mzima, akahisi dalili kama za malaria, akahitimisha kwamba kitu kinachomletea mzima dalili fulani kinaweza kumponya mgonjwa mwenye dalili hizohizo, mradi kizimuliwe sana. Shaba ikizidi mwilini huleta mikakamao, kwa hiyo mwenye kukakamaa anapewa Cuprum, yaani shaba. Belladonna ni mmea wa Ulaya wenye sumu inayoweza kumfanya mtu aweweseke na hata atetemeke. Ndiyo hesabu yao.

Tatizo liko kwenye ile 30C. Maana yake umechukua tone moja ukalitia kwenye matone 99, ukatikisa. Ukachukua tone moja la mchanganyiko huo ukalitia kwenye matone mengine 99. Na hivyo hivyo mara 30. Sasa simama hapo mwaloni utazame maji. Ziwa Victoria lina maji kama kilomita za ujazo 2,750, yetu, ya Waganda na ya Wakenya. Ukidondosha humo tone moja la dawa, ukalikoroga ziwa zima mpaka Kisumu na Entebbe, umefika kwenye hatua ya 10 hivi. Bado hatua 20. Kwenye chembe za sukari ulizopewa hakuna shaba ya kumgusa mtu. Australia, baraza lao la taifa la utafiti wa tiba lilipitia tafiti zilizokuwepo na mwaka 2015 likasema hakuna ugonjwa hata mmoja ambao upo ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathi inautibu.

Mtu ataniambia, basi kama ni sukari tupu haina madhara. Kwanza si kila kichupa kimezimuliwa kama kilivyoandikwa. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikuta vidonge fulani vya homiopathi vya watoto wanaoota meno vina belladonna isiyo na kipimo kimoja, vingine imezidi kuliko ilivyoandikwa. Lakini kwa Doto, ubaya ulikuwa ile sentensi ya "ziacheni za hospitali". Sukari haikumvunja jino. Na lile jibu la "ishara nzuri" linanikera mpaka leo: asipoanguka dawa inafanya kazi, akianguka dawa inafanya kazi zaidi. Muulize basi, ni tukio gani lingemfanya akubali kwamba haifanyi kazi?

Hata kama ana cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, cheti kinaonyesha anatambulika kisheria. Kichupa hakithibitishwi kwa cheti cha mwenye kukiuza.

Kitu kimoja alikifanya vizuri, nacho kinatuuma sisi wa makoti meupe: alikaa akawasikiliza. Mlilipa elfu themanini kwa ile saa nzima. Sisi tulimpa mama mwenye swali la maana karatasi na kumwita mwingine.

Haya, kifafa. Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme mdogomdogo, kila moja na zamu yake. Umewahi kufika soko la Mwaloni Kirumba alfajiri? Kila mtu anataja bei yake, makuli wanapiga kelele, lakini kazi inakwenda. Sasa fikiria ghafla wote waanze kuita neno moja kwa pamoja, mfululizo, hakuna anayemsikia mwenzake. Soko limesimama. Tukio la kifafa ni hilo, na mtu anayepata matukio hayo kwa kujirudia, bila homa wala sababu ya papo hapo, ndiye tunasema ana kifafa. Degedege la mtoto mdogo mwenye homa ni jambo jingine, ingawa kwa macho yanafanana.

Kelele hiyo inaweza kuanzia kona moja ya soko. Maelezo yako ya kifungo cha shati na kutafunatafuna ni ya thamani kuliko unavyodhani, maana yanaonyesha kwamba kwa Doto huanzia sehemu moja ya ubongo, mara nyingi ya ubavuni usawa wa sikio, kisha siku nyingine husambaa kote ndipo anaanguka. Kile cha dakika moja na kile cha kuanguka ni ugonjwa uleule, mmoja umeishia njiani. Wako watoto ambao kelele huanza soko zima kwa mpigo. Wengine hukakamaa na kutetemeka hapohapo. Wengine wanaganda sekunde chache tu, hata mara nyingi kwa siku, na mwalimu anawachapa kwa kuota mchana. Wengine mikono inashtuka asubuhi, kikombe cha chai kinaruka. Aina inaamua dawa. Kabamazepini, kwa mfano, inafaa sana kwa kinachoanzia sehemu moja, lakini kwa yule anayeganda au kushtuka asubuhi inaweza kuzidisha. Kwa hiyo mwambie Kulwa, ambaye bila shaka ana simu, arekodi tukio likitokea, akishahakikisha ndugu yake yuko salama. Video ya nusu dakika inamsaidia daktari sana. Kipimo cha umeme wa ubongo na picha ya kichwa vina kazi yake, ila kipimo kikitoka safi hakimaanishi hana kifafa.

Kimetoka wapi? Karibu nusu ya wagonjwa duniani chanzo hakijulikani, na yapo maeneo yenye chanzo chake, kama Mahenge kule Morogoro, ambako watafiti wanakihusisha na minyoo inayoenezwa na usubi. Huku kwetu naulizia malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali za bodaboda bila helmeti. Naulizia tegu pia, na hapa watu huchanganya. Kula kitimoto isiyoiva kunakupa tegu wa tumboni. Wanaokwenda kukaa kwenye ubongo ni wale wa kutoka kwenye mayai yanayotoka na kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono na mboga. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kumpata.

Lakini kwa Doto, mwanangu, wewe mwenyewe umeandika jibu halafu ukalipita. Nusu saa nyuma ya mwenzake. Hakulia. Mpira wa hewa. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo unaweza kupata kovu, na kovu hilo linaweza kukaa kimya miaka kisha likaanza. Siapi kwamba ndicho chanzo, maana sijamwona. Ila ile fumbo ya mama mkwe, kwa nini mmoja na si mwingine, haihitaji kwenda mbali: walilala tumbo moja, hawakupita mlango kwa wakati mmoja. Mila za mapacha ni za ukoo wenu, siziingilii. Zifanyeni, na asubuhi ya siku hiyo Doto ameze dawa yake kama kawaida, na pombe asipewe.

Jumamosi ile ingekuwa hivi. Wewe, au Kulwa, mnatazama saa. Mnasogeza mawe na nguzo za kichanja, mnamwekea kanga chini ya kichwa, mnalegeza kola. Hamumshiki kwa nguvu, hamtii kitu mdomoni, hata kijiko, hata kidole, hata maji, ulimi haumezeki. Mtetemeko ukilegea mnamlaza ubavu ili mate yatoke nje, na mnakaa naye mpaka ajue yuko wapi. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianza tena kabla hajazinduka, tafuteni gari. Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa. Haliambukizi, wala huo ushuzi. Nilipokuwa kazini alikuja dada aliyeangukia jikoni akisonga ugali. Mkono wa kushoto ulikuwa umeingia kwenye mafiga, vidole vitatu vimeshikana na kuwa kimoja. Watu wanne walikuwa wamesimama mlangoni. Aliniambia aliwaona kabla hajapoteza fahamu, na akawakuta palepale alipozinduka.

Kuhusu mtumbwi, hapana. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zimewashwa, watu wako macho mpaka alfajiri, na kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayokiamsha kifafa haraka. Ungekuwa unamtengenezea tukio halafu unaliweka juu ya maji. Hata akiwa na jaketi la kujiokolea, jibu langu ni lilelile. Nchi kavu kazi zipo: kupima, kuuza, kutengeneza nyavu, kutunza daftari la mikopo ambalo nadhani wewe unalitunza kichwani. Kukaanga dagaa kwenye mafuta asifanye peke yake. Kuoga ziwani, labda na mtu mzima anayeogelea vizuri yuko naye ubavuni, tena baada ya daktari kuridhika, si sasa.

Baba Kulwa naye aende kesho. Asisimuliwe, asikie mwenyewe. Ikiwa roho yake haitulii bila vile vidonge vitamu, mwonyesheni daktari, na mimi sitagombana na mtu kwa sukari, ilimradi dawa ya hospitali haikosekani hata siku moja. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba inayowafaa. Doto alikuwa njiani kufika huko. Akikaa miaka miwili au zaidi bila tukio, daktari anaweza kuzungumza nanyi habari ya kupunguza dawa, tena polepole.

Doto, najua utasoma. Utaoa, ukimpata wa kukutaka, na umwambie mapema kwamba una kifafa kabla hajaambiwa na jirani. Watoto wako, uwezekano mkubwa, hawatakuwa nacho. Mtumbwi nimeukataa mimi, si mama yako, kwa hiyo usimnunie. Muombe baba mdogo akupokee dagaa alfajiri wakirudi, upime wewe. Lakini uwe umelala.